Kichwa Kilichoota Jua

Kila asubuhi, hata kabla ya kuvua koti, Desimali alimwamkia Kipara. "Shikamoo, mzee," alisema, na Fundi Waya, ambaye saa hiyo huwa amejikunja nyuma ya kabati la mitambo, aliitikia kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba, mwanangu. Leo unanipiga wapi?" Mzaha huo ulikuwa umechakaa kuliko mlango wa maabara, lakini waliendelea kuucheka, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa na cha kuchekesha kingine.

Kipara alikuwa kichwa cha bandia. Fuvu lake lilikuwa la chuma chepesi, ngozi yake ya mpira mnene, hana nywele, hana masikio, na ndani, pale ambapo wewe na mimi tunaweka akili au tunadhani tumeiweka, alijazwa vifaa vidogo vya kupima mshtuko. Kazi ya maabara ile ilikuwa kumgonga. Roboti yoyote iliyokusudiwa kufanya kazi bega kwa bega na watu ililetwa pale kwanza, ikafungwa sakafuni kwa bolti, kisha ikaamriwa impige Kipara kwenye paji la uso, utosini na kwenye panja. Kompyuta ilichora kila pigo kama mnara. Mnara ukibaki chini ya mstari mwekundu, binadamu aliyepigwa hivyo angeambulia nundu na hadithi ya kusimulia. Ukiuvuka mstari, ubongo wake ungetikisika ndani ya fuvu, na ubongo ukishatikisika hivyo si kitu cha kupakwa dawa ya kuchua kikapona.

Mwenye kuisoma minara hiyo ndiye Desimali. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuikata tarakimu hata moja baada ya nukta. Ukimwomba akupimie ubao wa rafu, ubao ulikaa, ila wewe ulikuwa umeota mvi kwa kusubiri. Alijivunia jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mtu mmoja tu hakuvutiwa na tarakimu zake, naye alikuwa mama mkwe wake. Mama huyo alisimamia chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mahali pa mvuke na kelele, ambapo mashuka ya wodi zote yaliingia machafu yakatoka yamekunjwa. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikavu iliyoliwa na sabuni, na alikuwa na desturi ya kukutazama kidogo kabla ya kukujibu, ili ujue kwamba amekusikia na bado anafikiria kama unastahili. Siku alipoelezwa kwa mara ya kwanza kazi ya mkwewe, alimgeukia binti yake akamuuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, na hicho kichwa cha mpira kimemkosea nini?" Desimali alicheka pamoja na wengine. Swali hilo lilimkaa kooni kwa miaka.

Ndipo hospitali ikaamua kuleta roboti ya kukunja mashuka. Ulikuwa mkono mrefu wa chuma, unaochota shuka bichi kwenye mashine, unalizungusha na kulitandaza mezani, na uliuzungusha mzigo wake kwenye usawa uleule wa vichwa vya wanawake waliofanya kazi pale. Wanawake wakaingiwa na hofu. Wengine walisema heri kuacha kazi kuliko kupasuliwa kichwa na shuka. Jumapili hiyo mama mkwe alikuja kula kwa binti yake, na walipokwisha kunawa, akamtazama mkwewe kwa ile desturi yake.

"Baba," alisema, "hiyo mashine wanayotuletea, ni salama?"

Roboti ilikuwa bado imo ndani ya sanduku lake, haijafunguliwa hata kamba. Jibu la haki lilikuwa "Sijui, mama, bado sijaipima." Ni maneno machache, na mtu aliyezoea kuhesabu nukta alipaswa kuyapata. Lakini alikuwa ameusubiri mtazamo ule muda mrefu mno.

"Salama kabisa, mama. Naipima mimi mwenyewe."

Mama mkwe aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata siku ya harusi. Kesho yake alisimama katikati ya mvuke akawaambia wenzake watulie, kwamba aliyeipima mashine ile ni mwanawe. Hakusema mkwe. Alisema mwanangu. Mkewe alipomletea habari hizo, Desimali alivimba kichwa kiasi kwamba, kama angekuwa Kipara, ngozi ingepasuka.

Siku ya kupima ilifika. Kulikuwa na baridi, na maabara ile, ambayo kuta zake zilikuwa za saruji tupu, ilihifadhi baridi kama jokofu. Kwa kuwa kesho yake wanawake wa chumba cha kufulia wangekuja kuiona roboti kwa macho yao, Desimali alitaka Kipara apendeze. Akamwosha kwa sabuni, akamsugua alama zote za mapigo ya zamani, akamweka dirishani akauke. Ni dirisha moja tu lililopata jua, nalo lilipata jua kwelikweli. Kisha akaenda kunywa chai na Fundi Waya, na Fundi Waya siku hiyo alikuwa na kisa kirefu cha jirani yake na mbuzi.

Waliporudi, Desimali alimchukua Kipara, akamfunga kwenye shingo yake ya chemchemi na kuanza kazi. Minara ilitoka mifupi, mizuri, yote chini ya mstari mwekundu. Paji la uso, sawa. Utosi, sawa. Panja, sawa. Desimali alipiga mluzi.

Sasa, kuna jambo moja ambalo kila mpimaji wa kazi hiyo hulijua kama anavyojua njia ya kwao. Mpira ukipata joto hulainika. Kichwa cha bandia lazima kikae chumbani hadi ngozi yake ipoe ilingane na hewa, la sivyo kinapokea pigo kama mto wa kulalia, na minara yake ni ya uongo. Kichwa cha binadamu hakilainiki kwa kuota jua. Desimali mwenyewe alikuwa amewafundisha vijana wapya jambo hilo, akiwatikisia kidole. Siku hiyo alisahau. Alisahau kweli, na mpaka hapo hakuwa na dhambi yoyote zaidi ya chai na mbuzi wa jirani.

Mchana, kwa raha tu, kama mtu anayefungua sufuria kunusa chakula kilichokwisha kuiva, alimpiga Kipara pigo moja la ziada kwenye panja. Mnara ulipanda, ukaufikia mstari mwekundu, ukaupita.

Alitazama. Akasogea, akaweka kiganja kwenye paji la Kipara. Lilikuwa baridi. Ndipo alipokumbuka kwamba asubuhi, alipokuwa akimfunga, lilikuwa na joto la mtoto mwenye homa, na kwamba mikono yake ililipenda joto lile kwa sababu ya ubaridi wa chumba. Alielewa papo hapo, bila nukta yoyote.

Na papo hapo mkuu wa maabara akapita mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba asiyepoteza maneno, aliyeizoeza maabara ile kufunga mlango polepole.

"Vipi, imepita?"

Kesho wanawake wanakuja. Roboti ikikataliwa, itarudishwa kiwandani. Mama mkwe atasimama tena katikati ya mvuke, safari hii aseme nini? Mambo hayo yote yalimpitia kichwani, na mdomo haukusubiri.

"Imepita, mkuu."

Mkuu akaenda zake. Desimali akafuta lile pigo la mwisho. Alijiambia labda waya ulilegea, na huku akijiambia hivyo aliugusa waya, akaona umekazwa barabara. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na urefu wa hadi kesho asubuhi.

Maabara ile ilikuwa na desturi yake, ambayo haikuandikwa popote. Mkuu ndiye aliyeianzisha alipokuwa bado fundi. Roboti ikishapita, aliyeipima alisimama mwenyewe mbele yake, mahali pa Kipara, na roboti ikazungusha mkono kwa mwendo wake wa kazi mpaka umguse na kusimama. Desturi hiyo waliiita kusimamia kipimo. Mkuu alisema mpimaji asiyeweza kuweka kichwa chake kwenye tarakimu zake basi asiweke cha mwenziwe. Desimali alikuwa amesimamia vipimo vingi. Kwa kawaida alitafuna kipande cha mkate akisubiri pigo, na baada ya hapo alijipapasa kichwa na kusema, "Bado ni uleule ubovu wa zamani," watu wakacheka.

Wanawake walikuja wamevaa nguo zao nzuri, kama wanaokwenda kuposa. Mama mkwe alikuwa mbele yao. Desimali alimwamkia kwa kuinamisha kichwa, naye akaitikia kwa sauti ya kusikika na wote, kisha akawageukia wenzake.

"Ndiye huyu," alisema.

Maneno mawili tu. Lakini alikuwa amejipaka mafuta mikono yake mikavu ing'ae, na Desimali alipoiona ile mikono, alitamani augue ghafla.

Fundi Waya aliwasha roboti. Mkono mrefu ulichota shuka bichi kwenye beseni, ukalizungusha, ukalitandaza. Wanawake wakanong'onezana. Kisha mkuu akaeleza desturi ya nyumba kwa sentensi moja na kumwonyesha Desimali mahali pa kusimama.

Akasimama. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo. Miguu aliihisi iko mbali, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwazima. Aliikumbuka ile ncha ya mnara juu ya mstari mwekundu. Alijiambia kwamba pigo moja halimuui mtu, kwamba mnara uliuvuka mstari kidogo tu, kwamba huenda hata asisikie kitu. Mkono ukaanza kuzunguka. Ukaja na upepo wake na harufu ya shuka bichi, na ulipokaribia panja lake, kichwa kilijitoa chenyewe. Hakukiamuru. Magoti yalikunjika, akachuchumaa, na mkono ukapita juu yake, ukamwagia matone ya maji kisogoni.

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akacheka, kicheko cha pua, na kikaambukiza wengine.

"Yallah, mwenyewe kakimbia," akasema mmoja.

"Si kakimbia, kasujudu," akajibu mwenziwe.

Desimali akiwa pale chini aliwaza kwamba mvuliwa nguo huchutama, na yeye angalau alikuwa amekwisha kuchutama. Uso ulimwaka. Hakuthubutu kumtazama mama mkwe wala mkuu, akatazama bolti za sakafuni. Alizikaza mwenyewe, zilikuwa sawa.

Ndipo akaona viatu vya mama mkwe vikija. Vilikuwa viatu vya heshima, vya kisigino kifupi, anavyovaa msibani na harusini tu. Vikasimama kando yake.

"Mnacheka nini?" mama mkwe aliwauliza wenzake, na sauti yake ilikuwa na utani ndani yake, ule wa kuokoa mtu. "Mkwe wangu ana mtoto mchanga nyumbani, hapati usingizi. Mtu asiyelala hata kivuli chake kinamshtua. Inuka, baba. Nipishe."

Hapakuwa na mtoto mchanga. Mtoto mdogo wa Desimali alikuwa anakwenda shule. Mama mkwe alikuwa anamfunika, kama mtu anavyomtupia mwenziwe nguo, tena mbele ya watu aliofanya nao kazi maisha yake yote na ambao hawajawahi kumsikia akisema uongo. Akakaza kitambaa cha kichwani. Akasimama palepale, mgongo umenyooka, akafumba macho kama anayesubiri kupigwa picha.

"Haya, fundi," alimwambia Fundi Waya. "Iwashe. Mwanangu kaipima."

Fundi Waya alimtazama mkuu. Mkuu akatikisa kichwa kwa kukubali, kwani naye aliambiwa imepita. Mkono ukachota shuka.

Tuseme ukweli, Desimali hakuinuka mara moja. Kulikuwa na nafasi, ndogo lakini ilikuwapo, ambamo alipiga hesabu. Aliwaza kwamba kitambaa cha kichwani ni kinene. Aliwaza kwamba pigo huenda likamwangukia kwenye paji badala ya panja. Aliwaza kwamba baada ya hapo mambo yangekwisha, wanawake wangepiga makofi, naye angepata wiki nzima ya kuitengeneza roboti kimyakimya bila mtu kujua. Hesabu hiyo ndiyo aliyoionea haya maisha yake yote kuliko jambo jingine lolote, maana aliipiga huku akiyaona macho ya mama yule yamefumbwa.

Kisha akaruka. Alikifikia kitufe chekundu ukutani akakipiga kwa kiganja, na mkono wa roboti ukakwama hewani, shuka likining'inia na kudondosha maji mbele ya uso wa mama mkwe. Yeye akafumbua macho.

"Kuna nini?" mkuu aliuliza.

"Kichwa kilikuwa na joto," Desimali alisema.

Wanawake hawakuelewa. Mkuu alielewa kabla sentensi haijaisha, na uso wake ukakunjamana.

"Kilikuwa wapi?"

"Dirishani. Nilikiosha. Kilikuwa kimeota jua, nikasahau. Baadaye nikapiga tena kikiwa baridi, na mnara ukavuka mstari." Akaonyesha kompyuta kwa kidole. "Nikafuta."

"Jana nilisimama pale mlangoni," mkuu alisema.

"Ndiyo, mkuu."

"Nikakuuliza."

"Ndiyo, mkuu."

Mkuu akawageukia wageni. Alimwomba mama mkwe asogee, akamwomba kwa adabu kubwa kama anayemwomba radhi, kisha akamwagiza Fundi Waya amlete Kipara. Fundi Waya alimleta amemkumbatia, bila mzaha wowote, akamfunga kwenye shingo. Mkuu aliweka kiganja kwenye paji lake, akahakikisha ni baridi. Akaiwasha roboti kwa mkono wake mwenyewe.

Mlio wa pigo ulikuwa mkavu, kama mlango unaobamizwa na upepo. Shingo ya chemchemi ikayumba huku na huku. Kwenye kompyuta mnara ulipanda ukapita mstari mwekundu, na hata asiyejua kusoma tarakimu aliona kwamba umepita. Mwanamke aliyecheka wa kwanza alijishika panja lake bila kujijua.

Mkuu aliwaeleza wageni kwamba mashine itarudi kiwandani, mkono upunguzwe mwendo na uvishwe sponji, kisha ipimwe upya na mtu mwingine. Alitamka "mtu mwingine" bila kumtazama Desimali. Halikuwa tusi, lilikuwa tangazo, na Desimali alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wanawake wakaanza kutoka. Hakuna aliyecheka sasa. Walimpita kama watu wanavyoipita nyumba yenye mgonjwa, na mmoja alimwambia "Pole," jambo lililomuuma kuliko vile vicheko. Desimali alimfuata mama mkwe hadi kwenye korido. Palikuwa na benchi la mbao chini ya ubao wa matangazo, na mama alikuwa ameketi hapo akifunga upya kitambaa chake, polepole.

"Mama," Desimali alisema. "Nisamehe."

Mama alimaliza kufunga fundo. Alimtazama kwa ile desturi yake, muda mrefu.

"Siku ile uliyoniambia ni salama," aliuliza hatimaye, "ulikuwa umeshaipima?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Hapana, mama. Ilikuwa bado imo ndani ya sanduku."

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu, kama anayehakikishiwa bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Akasimama, akachukua mkoba wake. Nje wenzake walikuwa wanamsubiri, nao alikuwa na kazi ya kuwaeleza, safari nzima ya kurudi, huyo yeye aliyemwita mwanangu ni mtu gani.

"Ulipochuchumaa pale," alisema, "nilijua umeogopa. Nikasema, kumbe mume wa mwanangu mwoga. Haikunisumbua, baba. Waoga ni wengi, na uoga wa mtu wa nyumbani unafunikwa. Ndiyo maana nikasimama." Akaupachika mkoba begani. "Ule ningeufunika. Huu uongo sijui niufunike na nini."

Akaenda. Visigino vyake vifupi vilisikika hadi mwisho wa korido, kisha mlango ukafungwa polepole, kama desturi ya pale.

Desimali alirudi maabara. Fundi Waya alikuwa anafuta maji ya shuka sakafuni na hakuinua kichwa. Kipara alikuwa bado amefungwa kwenye shingo yake, na panjani palikuwa na alama mpya. Desimali alimfungua, akamfuta kwa kitambaa kikavu, akamweka rafuni upande wa kivulini. Asubuhi iliyofuata aliingia, akavua koti, akakaa mezani pake, na hakumwamkia.